Mgongo wa Saa

Jiwe la saa nililinunua Majengo, shilingi themanini,
dogo kama kidonge cha presha,
likafungwa kwenye risiti ya mtu mwingine.
Katika nchi hii ya Maragoli, ambako mawe
ni makubwa kuliko nyumba na hakuna anayeyauza,
muuzaji alilishika kwa ncha za kucha, akaniambia:
usiliguse kwa vidole, lina wivu.

Mezani nimetandika taulo nyeupe
ili kiskrubu kikidondoka kisituaibishe.
Kisahani. Kibano cha nyusi cha Vihenda, dada yangu.
Kisu cha siagi, kile kisicho na makali hata kwa siagi.

Saa ya mama haikuwa ya mkononi.
Ilining'inia kifuani, kichwa chini,
juu ya mfuko wa sare ya uuguzi,
na sisi tuliosimama mbele yake
tuliiona imepinduka.
Mwenyewe tu ndiye aliyeisoma sawa,
kidevu kimeinama, vidole juu ya mshipa wa mgonjwa,
midomo ikihesabu.

Imelala tangu lini, hakuna ajuaye.
Mishale imeganda kwenye nne na dakika kumi:
jicho linaona nne, mdomo unasoma kumi,
ndivyo tulivyofunzwa,
kusoma kilicho ng'ambo ya duara.

Natia kisu pembeni. Kinateleza. Natia tena.
Chumbani baba anasikiliza matangazo ya vifo,
redio ameipandisha mpaka mwisho,
kila jina analirudia polepole
kama mwalimu anayeita darasa.

Tak.

Harufu ya sarafu za zamani.
Unga mwembamba wa kijivu, ambao sikuupuliza.
Na upande wa ndani wa kifuniko, mikwaruzo ya sindano:
fundi Asava wa Mbale, aliyekaa chini ya ngazi za duka la viatu,
alikuwa akiacha tarehe kila alipobadilisha jiwe.
3/97. 8/99.
11/01, na herufi A iliyolala kama imechoka.
4/04. 9/06.
Mama tulimzika Agosti, mwaka wa nane.
Nikasogea dirishani.
2/09.
7/11.
12/13.
5/16.

Baba yule yule
aliyegawa nguo zake siku ya kunyoa
bila kubakiza hata leso,
aliyesema vitu vya marehemu havilali ndani ya nyumba,
alikuwa akiteremka Mbale kwa miguu,
mara nne, saa ya mkewe mfukoni,
anakaa kwenye kibao cha Asava,
anangoja.
Halafu Asava akafa, au alihama. Ngazi zipo.

Jiwe kuukuu limetoa ute wa kijani.
Nalinyanyua kwa kibano, naweka jipya,
alama ya kujumlisha juu.
Mshale wa sekunde unashtuka,
unasita kama mtu aliyetajwa jina kanisani,
kisha unakwenda.

Nilitaka kuandika tarehe yangu pale chini.
Nikachukua pini. Mwezi niliumaliza,
mwaka ukaniteleza;
atakayefungua baada yangu sijui atasomaje.

Kifuniko nacho hakikutaka kurudi.
Nilikibana kwa kiganja, kwa goti,
kwa mgongo wa kijiko na tusi moja dogo la kwetu,
kikakubali.
Kwenye kisahani umebaki mpira mweusi, mwembamba kama unywele.
Ulitoka humo. Ulipokuwa umekaa, sikuona.

Redio imezimwa.
"Saa ngapi?" anauliza baba kutoka chumbani,
mtu mwenye simu mfukoni
na saa ya ukutani juu ya kichwa chake.

Naigeuza kichwa chini,
naishikilia kifuani,
nainamisha kidevu,
ndipo namjibu.